Wafanyakazi wangu hawagusi kitu mpaka niwaambie. Niwafukuze wote?

*"Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, mwaka wa nane sasa. Wafanyakazi ni saba: wauzaji watatu, keshia, mtu wa stoo na vijana wawili wa kupakia. Hawaibi na hawachelewi. Tatizo ni kwamba hawafanyi jambo mpaka niwaambie. Misumari ya inchi tatu inaisha, mteja anaambiwa 'imeisha', na mimi hakuna aliyenijulisha. Nikienda Dar siku mbili kufuata mzigo, simu haipoi: 'Mama, mteja anataka apunguziwe elfu mbili.' Nikiwaagiza kitu wanaitikia 'sawa mama', kesho yake hakijafanyika. Nimewapa bonasi ya mauzo miezi mitano, sijaona tofauti. Nikiitisha kikao wanakaa kimya. Hasara ikitokea nawakata kidogo kidogo ili wawe makini, lakini wapi. Nataka kufungua tawi Kilosa, sasa hili nitamwachia nani? Mume wangu anasema nifukuze wote nianze upya, nikimlipa kila mtu mshahara wa mwezi mmoja yamekwisha. Nifanyeje?"*

Dada, umelijenga duka miaka minane na sasa lenyewe limekufunga mguu. Ukiwa kaunta linaenda, ukipanda basi la Dar linasimama. Unauliza kama dawa ni kubadilisha watu.

Kabla hatujafika kwenye kufukuza, rudia kusoma ulichoandika mwenyewe. Hawaibi. Hawachelewi. Wanakupigia simu kwa ajili ya elfu mbili. Mtu anayetegea kazi hapigi simu. Humwambia mteja bei haipungui, akaendelea kuangalia video zake. Anayekupigia anataka mauzo yafanyike, ila hataki uamuzi uwe na jina lake. Anaogopa kitu, na kitu chenyewe umekitaja sentensi chache baadaye: makato.

Tumezoea kusema fulani ni goigoi, kana kwamba alizaliwa hivyo. Wapo wa namna hiyo, lakini saba kwa saba katika duka moja ni ajabu. Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizima kwa njia yoyote, baadaye wengi wao walilala tu wakizipokea hata walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka wakaziepuka. Kwa miaka mingi ikaelezwa kwamba mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti haohao, wakiwa na ushahidi mpya wa namna ubongo unavyofanya kazi, waliyageuza maelezo yao: kutulia tuli ndiyo hali ya awali ya kiumbe kilichosumbuliwa kwa muda mrefu, na kinachohitaji kufundishwa ni kwamba ukifanya kitu, matokeo yanabadilika. Duka lako halimpigi mtu shoti. Lakini swali la kujiuliza linatoka hapo: ni lini mara ya mwisho mmoja wao alifanya jambo kwa akili yake, akaona limeleta tofauti, na halikumgharimu?

Chukua hiyo misumari ya inchi tatu. Muuzaji anaona zimebaki kilo chache. Akikuambia, mara nyingi hukutana na mojawapo ya majibu matatu: "Kwa nini hukusema mapema?", au "Hela ya mzigo haijakaa sawa, subiri", au unaitikia kisha unasahau kwa sababu una mambo mia. La kwanza ni kugombezwa kwa kuleta habari. Mawili yaliyobaki yanamwonyesha kuwa kusema na kutosema ni sawasawa. Asiposema, je? Mteja ataondoka, na siku hiyo hakuna atakayeulizwa. Ukiwa wewe kwenye nafasi yake, mwenye mshahara uleule mwisho wa mwezi, ungenyamaza pia.

Punguzo la elfu mbili lina hesabu kama hiyo. Akitoa, anaweza kukatwa. Akikataa, mteja mzoefu anatoa simu mfukoni, anakupigia, nawe unasema "mpunguzie huyo, ni mtu wetu." Muuzaji ameumbuka mbele ya mteja kwa kulinda pesa yako. Mara tatu za namna hiyo zinatosha. Ya nne atakupigia wewe kwanza, hata kwa mia tano.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, simamisha makato. Kwanza kwa sababu ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kuamua tu. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi huyo. Umpe kwa maandishi chanzo chake, kiasi, na ulivyokipigia hesabu. Umpe nafasi ya kupinga. Akubali kwa maandishi. Usimdai zaidi ya hasara yenyewe. Na makato yote ya aina hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Ule mtindo wa "hesabu haijatimia, tugawane wote saba" haupiti kwenye mlango huo, kwa sababu sita kati yao huna ushahidi wa kosa lao. Pili, makato ya jumla yanafundisha kinyume cha unachotaka. Ulidhani yatawafanya wawe makini, na kweli wamekuwa makini: wanahakikisha hawagusi chochote kinachoweza kuharibika mikononi mwao.

Bonasi nayo, nikisoma maelezo yako, ilikuwa ya mauzo ya duka zima. Kila mmoja akijituma, juhudi yake inagawanywa kwa saba. Asipojituma, anapata fungu lilelile. Isitoshe mauzo ya vifaa vya ujenzi yanafuata msimu: wakati wa kiangazi watu wanajenga, masika yakishika matope wanasimama. Kijana wa kupakia hana uwezo wa kubadilisha hilo. Na bonasi ililipia mauzo, wakati kilio chako ni watu kutosema, kutoamua na kutomaliza. Iache kama ilivyo kwa sasa, maana kuifuta leo kutasomeka kama adhabu, lakini usiitegemee.

Sasa "sawa mama". Usiihesabu kuwa uongo. Vijana wengi wamelelewa kwamba mkubwa akisema unaitikia, na kumwambia "sijaelewa" au "muda hautoshi" ni kama kumjibu. "Sawa" yao inamaanisha "nimekusikia". Ukitaka ahadi, omba ahadi. Baada ya kutoa agizo, uliza mambo matatu kwa sauti ya kawaida: "Utaanza na nini? Mpaka saa ngapi kitakuwa tayari? Nini kinaweza kukukwamisha?" Swali la tatu ndilo linalofungua mdomo, kwa sababu linamruhusu kutaja kikwazo bila kuonekana anakataa kazi. Utashangaa ni mara ngapi jibu litakuwa dogo kabisa: ufunguo wa stoo unakaa na wewe, toroli ina pancha, keshia hatoi hela ya mafuta ya pikipiki bila neno lako.

Njia ya kutoka ni hii, na inataka kama miezi mitatu. Usiirukie yote kwa siku moja.

Wiki mbili za mwanzo usibadilishe kitu zaidi ya kusimamisha makato. Nunua daftari dogo ukae nalo. Kila unapoulizwa, kupigiwa, au kukuta jambo limelala likikusubiri, andika mstari mmoja: siku, nani, jambo gani, umejibu nini, na kama yeye angeweza kujibu mwenyewe angekuwa na ruhusa. Siku ya kumi na nne panga maswali kwa makundi. Kwenye maduka ya aina yako karibu yote huangukia mafungu machache: punguzo, mkopo kwa mafundi, kurudisha bidhaa, bidhaa inayoisha, usafiri wa mzigo wa mteja, na chenji. Hayo ndiyo unayokwenda kuyatolea mipaka. Usitunge sera za mambo ambayo hayatokei.

Mipaka yenyewe iandike kwenye karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, ibandikwe nyuma ya kaunta upande wasioona wateja. Iwe na sehemu tatu: *fanya bila kuuliza*, *fanya, kisha nijulishe leoleo*, *uliza kwanza*. Kwenye kuuliza kwanza weka mikopo yote, bei ya jumla kwa mkandarasi mpya, na malipo yoyote nje ya mauzo. Kwenye kufanya kisha kujulisha weka kubadilisha bidhaa yenye kasoro ikiwa ina risiti na haijatumika, na kukodi bodaboda au guta kupeleka mzigo hadi kiasi fulani. Kwenye kufanya bila kuuliza weka punguzo dogo.

Punguzo linatisha, kwa hiyo lipigie hesabu. Saruji na nondo faida yake ni nyembamba, na bei yake kila mteja anaijua. Hapo weka sifuri, bei ni moja, na muuzaji anasema hivyo kwa uso mkavu. Rangi, vitasa, koki, vifaa vya umeme na vya bomba vina nafasi. Tuseme ukiruhusu hadi shilingi 2,000 kwa mauzo yanayozidi 100,000, na kila muuzaji asizidi 10,000 kwa siku. Wauzaji watatu, siku 26 za kazi, wakitumia ruhusa yote bila kubakisha, ni shilingi 780,000 kwa mwezi. Hiyo ni dari, na hawataifikia. Linganisha na punguzo ambalo wewe mwenyewe umekuwa ukitoa kwa simu wiki mbili zilizopita, daftari litakuambia. Ukiona bado ni kubwa, shusha dari iwe 5,000 kwa siku, yaani 390,000 kwa mwezi. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, itoke kwa kiasi alicholipa mteja kweli, na keshia aandike punguzo na jina la aliyelitoa, ili jioni mlione bila kubishana.

Kisha bidhaa zinazoisha. Kosa la kawaida ni kuwaambia wote "angalieni mzigo". Wakiambiwa wote, kila mmoja anaamini mwenzake ameangalia. Gawa rafu: huyu misumari, kufuli na bawaba, huyu rangi na brashi, huyu umeme na bomba, mtu wa stoo saruji, nondo na mabati. Jina la mhusika liandikwe kwenye rafu. Halafu kila bidhaa inayotoka sana iwekewe kiwango cha kuagiza, ili asilazimike kukisia. Hesabu ni mauzo ya wastani kwa siku, mara siku za kusubiri mzigo, ukiongeza akiba ya siku chache. Misumari ya inchi tatu ikitoka kilo 12 kwa siku, mzigo wa Dar ukichukua siku nne tangu kuagiza, na ukitaka akiba ya siku tatu, ni 12 mara 7, yaani kilo 84. Kiasi hicho kitengwe na kufungwa utepe mwekundu. Siku utepe unafunguliwa ndiyo siku ya kutoa taarifa. Hakuna haja ya kompyuta kwa hili, ingawa programu ya stoo si mbaya ukiwa nayo.

Taarifa ije kwenye kundi la WhatsApp la duka kwa mtindo mmoja: picha ya rafu, kilichobaki, kiasi cha kuagiza. Na hapa kuna kazi yako, ambayo wamiliki wengi huiacha njiani. Kila taarifa ijibiwe siku hiyohiyo kwa mojawapo ya majibu haya: nimeagiza, nitaagiza siku fulani, hatuagizi, na sababu ni hii. Hata jibu la "hatuagizi, hela iko kwenye mabati" linamfundisha kitu kuhusu biashara. Tiki mbili za bluu bila neno zinakurudisha nyuma mwezi mzima. Katika viwanda vya magari vya Toyota, kwa miaka mingi mfanyakazi wa kwenye mstari wa kuunda magari amekuwa na kamba ya kuvuta akiona kasoro, na akiivuta kiongozi wa kikundi chake anafika kuangalia na kusaidia. Kusipopatikana suluhisho haraka, mstari unasimama. Watu huishangaa kamba. Mimi naona cha kushangaza ni kwamba aliyevuta hukuta msaada badala ya "nani kavuta?"

Wateja wako wazoefu watakuwa mtihani mkubwa kuliko wafanyakazi. Fundi aliyezoea kukupigia ataendelea. Jibu lako liwe moja kila siku: "Ongea na Fulani hapo kaunta, yeye ndiye anayeshughulikia." Kisha kata simu kwa adabu, na usimpigie Fulani kumwelekeza cha kufanya. Ukimpigia umerudisha uamuzi kwako kwa mlango wa nyuma. Ukitaka kubadilisha alichoamua, subiri mteja aondoke, mweleze pembeni, na kama ni suala la mpaka usioeleweka rekebisha karatasi badala ya kumrekebisha yeye.

Atakosea. Wiki ya pili au ya tatu baada ya mipaka kuanza, mmoja atatoa punguzo lisilostahili, au atakubali kurudishiwa koki iliyokwisha kufungwa mahali. Wenzake sita watakuangalia usoni kuliko walivyosikiliza kikao chochote. Kama kosa liko ndani ya mpaka ulioutoa, hasara ni ya duka, nukta. Muulize aliona nini, aliamua kwa sababu gani, na mara nyingine ataangalia nini. Dakika tano, bila sauti ya juu, bila hadhira. Kama alivuka mpaka akijua, hilo ni jambo jingine na lina njia yake ya nidhamu. Usichanganye mambo haya mawili, hata siku umechoka.

Vikao vya kimya vinatokana na namna vinavyoendeshwa. Ukianza wewe kwa nusu saa ya malalamiko, kisha ukauliza "kuna mwenye swali?", hakuna atakayejitosa. Fanya kikao kifupi kila asubuhi kabla ya kufungua, dakika kumi, mkiwa mmesimama. Aanze mdogo kabisa, kijana wa kupakia, umalizie wewe. Na swali lisiwe "kuna tatizo?", kwa sababu jibu la heshima ni "hamna." Uliza kitu chenye umbo: "Jana mteja gani aliondoka bila kununua, na alitaka nini?" Kila mtu ana jibu la swali hilo, na halimshtaki yeyote. Andika majibu, baada ya mwezi una orodha ya bidhaa za kuongeza iliyotoka kwa watu uliodhani hawafikiri.

Kuna jambo hutaliona kwenye kikao kwa sababu hutokea ukiwa umetoka. Anayejituma kwenye kundi lililozoea kusubiri huitwa kiherehere, au huambiwa anajipendekeza kwa bosi. Hilo linaua juhudi haraka kuliko mshahara mdogo. Kwa hiyo usimsifu mmoja kwa kumlinganisha na wengine ("mngekuwa kama Fulani!"), maana umemchimbia kaburi. Taja kitendo na faida yake: "Taarifa ya gundi ya bomba ilikuja Jumanne, Ijumaa tukauza, jirani alikuwa hana." Wenyewe wanajua ni nani. Na kama katika hao saba yumo ndugu yako au wa mumeo, jiulize kama wenzake wanamwona kuwa ndiye sikio lako dukani. Ikiwa ndivyo, mpe rafu na mipaka sawa na wengine, na akija nyumbani na habari za duka usizipokee. Mwambie azilete kikao cha asubuhi.

Tarajia kuwa mambo yatazorota kidogo kabla ya kutengemaa. Watakuuliza maswali ambayo jibu liko ukutani. Hawajasahau kusoma, wanakupima kama unamaanisha. Rudisha swali: "Karatasi inasemaje? Wewe ungefanyaje?" Akitoa jibu lolote linalokubalika, mwambie afanye hivyo, hata kama wewe ungefanya vizuri zaidi kidogo. Anayerudi nyuma zaidi kipindi hiki huwa ni mwenye duka, kwa sababu kuamua mwenyewe ni haraka na kunampa mtu raha ya kuwa wa muhimu.

Kuhusu Kilosa, usitegemee hisia. Anza kutokuwepo siku moja kwa wiki bila kupokea simu za duka isipokuwa moto, ajali au wizi. Ikipita mara tatu salama, ondoka siku tatu mfululizo, kisha tano. Kila ukirudi pitia mambo matatu: fedha zimetimia, taarifa za rafu zilikuja, na ni maamuzi gani yalikusubiri. Yaliyokusubiri yanakuonyesha mpaka upi haujaeleweka. Siku tano zikipita mara mbili bila jambo zito, unaye wa kumwachia, na kwa wakati huo jina lake utalijua bila kuniuliza. Kabla ya hapo tawi la pili litakupa wafanyakazi kumi na wanne wanaokusubiri.

Baada ya wiki kama nane utaona watu saba wameanza kutofautiana. Kwa kawaida wengi husogea. Mmoja au wawili hubaki palepale, na hapo ndipo inafaa kumchunguza mtu mmoja mmoja. Ukimya peke yake usiuhesabu; mtu wa stoo asiyeongea lakini ambaye mzigo wake hautofautiani na daftari ni hazina. Mtazame kwa matokeo. Huenda hajui kazi: hawezi kutofautisha bati la geji 28 na la 30, kwa hiyo anamkwepa mteja wa mabati. Huyo anahitaji kusimama na mzoefu siku kadhaa. Huenda amechoka, hesabu saa zake, na kama zinapita 45 kwa wiki bila malipo ya ziada, deni ni lako. Na kama ni mtu aliyekuwa mchangamfu akazimika ndani ya wiki chache, mwite faraghani umuulize hali, halafu unyamaze umsikilize. Mara nyingi kuna ugonjwa nyumbani, msiba, au mikopo ya kausha damu inayomwita kwenye simu mchana kutwa. Kwa binti aliyebadilika ghafla, kumbuka pia uwezekano wa kusumbuliwa kingono na mwenzake au mteja, na mpe mwanamke anayemwamini wa kuzungumza naye.

Atakayebaki anajua kazi, ana mipaka, hana shida unayoweza kuiona, na bado hafanyi, huyo ameamua. Na hapo nirudi kwa ushauri wa mumeo. Kulipa mwezi mmoja hakumalizi kitu. Notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, ni sehemu moja tu. Sheria inakutaka uwe na sababu halali na utaratibu wa haki, na kila mmoja apimwe kwa kosa lake. Ukiwafukuza saba kwa mkupuo bila hayo, kila mmoja ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fidia huhesabiwa kwa miezi ya mshahara. Pia jiulize wapya watakuta duka gani. Mipaka ikiwa haipo na makato yakiwa palepale, kufikia msimu unaofuata nao watakuwa wanakupigia kwa elfu mbili.

Utaratibu wa utendaji duni, kwa mujibu wa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, unafuata akili ya kawaida: kuwe na kiwango kinachojulikana na kinachowezekana; chunguza kwa nini hakifikii; mpe maelekezo au mafunzo; mpe muda wa kutosha kujirekebisha; muonye kwa maandishi kwamba asipobadilika anaweza kuachishwa; na kabla ya uamuzi muitane kikaoni, akiwa na haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Kwa kazi ya kaunta, wiki nne hadi sita za kupimwa zinatosha kuonyesha. Andika malengo yanayohesabika: taarifa ya rafu siku utepe unapofunguliwa, mteja kuhudumiwa bila kuitwa, rafu kupangwa kabla ya saa mbili asubuhi. "Aache uvivu" haipimiki, na mbele ya msuluhishi haitakusaidia.

Kama hujawapa mikataba ya maandishi yenye maelezo ya kazi, fanya hivyo sasa hata kwa wale unaoridhika nao. Ukienda kwenye mgogoro bila maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuangukia wewe mwajiri.

Yapo mambo ambayo maelezo ya kwenye karatasi kama haya hayatoshi. Ukishuku wizi au njama kati ya keshia na muuzaji, usianze kuhoji. Mlete mhasibu wa nje afanye hesabu ya stoo na mauzo kwanza. Kukiwa na tuhuma za unyanyasaji wa kingono, kuna mjamzito au mgonjwa katika unaofikiria kuwaachisha, au umekwisha kumfukuza mtu kwa hasira, muone wakili wa masuala ya kazi au afisa kazi wa mkoa wiki hiyohiyo. Makato uliyokwisha kufanya pia yapeleke huko uone namna ya kuyarekebisha kabla hayajageuka madai. Chama cha Waajiri Tanzania kinatoa ushauri kwa wanachama wake, na kama wafanyakazi wako ni wanachama wa TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, ongea na mwakilishi wao mapema kabla ya barua ya kwanza ya onyo. Nenda na mikataba, orodha ya mishahara yenye makato yote, karatasi ya mipaka, na kumbukumbu za vikao zenye tarehe na sahihi.